Kutafuta Makazi ya Watumwa wa Shamba Kisiwani Pemba

Nilimpeleka binti yangu kanisani Mkunazini, mjini Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi Sultani Barghash alipolifunga mwezi wa Juni 1873. Tulizitazama sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, na tulipotoka nje akaniuliza: "Baba, waliokwisha kununuliwa walikwenda kulala wapi?" Nilimjibu kwa neno moja tu, "shambani", na jibu hilo likanisumbua kwa siku nyingi, kwa kuwa watu wengi walioletwa visiwani humu walipita sokoni tu, na umri wao wote uliobaki ukaishia chini ya mikarafuu, ambako hapana kibao wala mtembeza wageni. Ndipo nikakata tiketi ya boti ya kwenda Mkoani, bandari ya Pemba.

Niliichagua Pemba kwa sababu ya kimbunga cha mwaka 1872, kilichoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu yote imesimama. Bei ya karafuu ilipanda, wenye mali wakageukia kisiwa hiki, na hata baada ya soko kufungwa watu waliendelea kuteremshwa usiku katika hori zake zilizozungukwa na mikoko.

Mama yangu mkubwa anakaa upande wa Mtambile, katika shamba la eka tatu ambalo marehemu mumewe aligaiwa baada ya Mapinduzi. Nilimwamkia, nikamweleza nililolifuata, akanyamaza kidogo, kisha akachukua bakora yake akaniambia, "Twende, mwanangu, kabla ya jua kuwa kali."

Tulianzia juu ya kilima, kwenye gofu la nyumba ya mwenye shamba. Kuta zake za mawe na chokaa zimepasuliwa na mizizi, lakini bado zinafika kifuani kwangu, na sakafu ya kuanikia karafuu iliyo mbele yake ungeweza kuifagia leo ukaanika. Upepo unapiga vizuri pale, na mtu akisimama barazani huliona bonde zima. Makazi ya watumwa yalikuwa huko chini, si safu moja ya mabanda, bali vibanda vilivyotawanyika baina ya miti na makonde ya muhogo. Nilitazama kwa muda mrefu nisione hata jiwe moja.

Tuliporudi kwake alinionyesha jiko lake la uani, ambalo bado limejengwa kwa namna ileile ya zamani, nami nikalikagua kuliko nilivyowahi kukagua jengo lolote. Nguzo za miti zimechimbiwa ardhini, fito zimefungwa kwa kamba za usumba, udongo mwekundu umekandikwa kwa mikono, na juu ni makuti. Mle ndani palikuwa na mafiga matatu, chungu na mkeka uliokunjwa. Katika ukuta, karibu na mlango, alama za vidole vya aliyekandika zilikuwa zimekaukia kwenye udongo, vinne sambamba na kidole gumba pembeni. Mama alisema kuta hizo hukandikwa upya mara kwa mara, na jiko likiachwa, mvua za masika chache tu hulirudisha ardhini.

Katika nyumba kama hizo waliishi Wayao, Wanyasa na Wamanyema, pamoja na wazalia, yaani watoto waliozaliwa utumwani hapahapa. Nokoa, yaani msimamizi wa watumwa shambani, na msaidizi wake, kadamu, ambao aghalabu walikuwa watumwa vilevile, ndio waliowaongoza katika kazi. Kwa desturi ya mashamba mengi, Alhamisi na Ijumaa mtumwa alilima konde lake mwenyewe, akapata muhogo na viazi vya kula, ila msimu wa kuchuma karafuu ulipowadia hata siku hizo aliweza kuitwa kazini. Vazi lake lilikuwa kipande cha merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba mtumwa wa shamba aliishi vizuri, maana alikuwa na nyumba na konde. Siwezi kulikubali neno hilo. Konde lile lilimpunguzia bwana gharama ya kumlisha, na mlango wa nyumba ile haukumlinda mtu yeyote, kwani aliyelala ndani aliweza kuuzwa kesho yake, au mwanawe akauzwa, na jirani akaingia kulala palepale. Hata sheria ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyouondolea utumwa nguvu ya kisheria, ilimtaka aliyethibitishiwa uhuru wake aonyeshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Angeyaonyesha makazi gani, naye hakuwa na kingine ila kibanda kilichokuwa juu ya ardhi ya bwana? Wengi walibaki palepale, wakimfanyia kazi mwenye shamba ili waachiwe kibanda na konde. Masuria, yaani watumwa wanawake waliowekwa kinyumba na mabwana wao, waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909.

Alasiri tuliteremka bondeni. Mama alisimama kando ya kijishimo kilichojaa majani mapana ya majimbi, upana wake hatua nne hivi, akakigonga ukingo kwa bakora. Alinieleza kwamba tangu alipokuja kuolewa hapa alikikuta, na wazee walimwambia ndipo watumwa walipochimba udongo wa kukandikia. "Nyumba huioni," alisema, "lakini udongo wake ulitoka humu." Vijishimo vingine kama hicho tulivihesabu saba baina ya mikarafuu, kila kimoja kimepandwa majimbi kwa kuwa maji hutuama. Akainama, akang'oa majimbi mawili, akayapangusa tope kwa kanga yake na kunitilia mkobani nikampikie mjukuu wake.