Siku moja maishani mwangu: fundi wa intaneti ya majumbani, Dar es Salaam

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya chai nasoma jumbe zilizoingia usiku. Leo ziko tatu, na zote zinasema jambo moja: "Fundi, mtandao unasumbua." Kauli hiyo peke yake hainionyeshi pa kuanzia, kwa hiyo kila mteja namrudishia maswali matatu: taa za ruta zina rangi gani, tatizo liko kwenye vifaa vyote au kimoja tu, na linatokea saa zote au saa fulani. Wateja wangu wengi siku hizi hufanyia kazi nyumbani, na kwao kikao kikikatika ni mshahara unaotikisika, si burudani iliyoharibika. Mteja wa Kijitonyama anajibu kwamba ana taa nyekundu na kikao saa 4. Naanza na yeye.

Saa 2:00 asubuhi. Kijana huyu ni mfasiri wa nyaraka, na jana jioni nyumbani kwao walihamisha kochi. Naomba tulivute, na nyuma yake tunaukuta waya wa faiba umebanwa ukutani, umejikunja kwa pembe kali. Ndani ya waya ule mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, nao mwanga hupita humo vizuri mradi uzi usikunjwe sana. Ukikunjwa, mwanga huvujia nje njiani. Kipimo changu kinasoma desibeli hasi 30, wakati kifaa chake kinahitaji mwanga usioshuka chini ya hasi 27. Naukunjua waya, nasafisha ile ncha ya kijani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na kipimo kinapanda hadi hasi 20. Taa nyekundu inazimika. Namsihi asiuzungushe waya huo katika duara dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, na asiiguse ncha kwa kidole, kwa kuwa hata mafuta ya ngozi huzuia mwanga.

Saa 4:45 asubuhi. Baada ya foleni ya Mwenge nafika Mbezi Beach kwa mama mmoja anayefanya hesabu za kampuni ya Ulaya. Huyu ameteseka wiki tatu. Amekwisha kuongeza kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 20 kwa sekunde, na bado kila siku ikifika saa 8 mchana sauti yake inakatika vikaoni, mpaka mkuu wake amemwuliza kama yuko tayari kuendelea na kazi. Alinieleza hayo kwa utulivu, lakini niliona alivyoumia.

Sianzi na waifai. Nachomeka kompyuta yangu kwenye ruta kwa waya na kupima: kupakua (data inayoingia) megabiti 20, kupakia (data inayotoka) 10, na ujumbe mdogo unakwenda kwenye seva iliyo karibu na kurudi kwa milisekunde 6. Kumbe kampuni inaleta kile alicholipia, na pesa aliyoongeza haikugusa tatizo. Kisha nakwenda kwenye meza yake, chumba cha mwisho, nyuma ya kuta mbili za tofali za saruji. Huko nguvu ya waifai ni desibeli hasi 78, ilhali kwa mazungumzo ya sauti na picha napenda isishuke chini ya hasi 67. Ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya televisheni ili isiharibu mandhari ya sebule. Tunaihamishia korido, juu ya kabati, na kipimo mezani kinakuwa hasi 60.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kuaga. Mimi lile jambo la saa 8 lilikuwa bado linanikereketa, kwa sababu ukuta hauna saa. Kama ungekuwa ndio wenye kosa, angeteseka tangu asubuhi. Nikamwuliza ni kitu gani hubadilika mle ndani wakati huo. Akasema: "Watoto hurudi kutoka shule, wanachukua simu zao." Simu hizo zikishika waifai huanza kimyakimya kupakia picha na video kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nikaiga hali hiyo kwa kupakia video kubwa kutoka simu yangu, huku nikiendelea kupima muda wa kwenda na kurudi. Milisekunde 6 zikawa 900.

Nilimweleza hivi: ruta ina foleni, na pakiti ndogo, yaani vipande vya data, za sauti yake zilikuwa zimenasa nyuma ya mizigo ya video kama bodaboda nyuma ya malori kwenye daraja jembamba. Kuongeza kasi ya kupakua hakupanui daraja la kupakia. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta, nikaweka kikomo cha kupakia kwa nyumba nzima kuwa megabiti 8.5 ili foleni isijazane, na kompyuta yake nikaipa kipaumbele. Nikarudia jaribio lilelile: milisekunde 24. Alikaa kimya akiangalia namba zile kwa muda. Nikamwomba aniandikie baada ya kikao cha leo.

Saa 7:15 mchana. Wali na maharage, kisha barabarani tena.

Saa 9:30 alasiri. Sinza, ghorofa ya tatu. Dada huyu anahudumia wateja kwa simu za intaneti, na jirani amemshauri anunue kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena. Ushauri huo siupendi hata kidogo. Vifaa vingi vya bei nafuu vya aina hiyo hupokea na kutuma kwa mtambo mmoja tu wa mawimbi ya redio, hivyo kasi hupungua kwa takriban nusu, na mteja hubaki na taa nzuri na mazungumzo mabovu. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 naona mitandao 17 ya majirani, mingine imekaa kwenye chaneli ya 3 na ya 8, ikiwaingilia walio kwenye 1, 6 na 11, ambazo ndizo chaneli tatu zisizogongana. Kompyuta yake naihamishia gigahezi 5, ambako pana nafasi, kisha napitisha mita 12 za waya pembezoni mwa dari hadi mezani. Kwa mtu anayekula kwa sauti yake, waya ndio ninaouamini.

Saa 1:00 usiku. Mteja wa zamani anapiga: umeme umekatika mtaani kwao, kompyuta yake ina chaji, lakini ruta imezimika naye ana kikao na Marekani saa 3. Ruta yake hutumia volti 12 tu, kwa hiyo namwelekeza kwenye duka linalouza betri ndogo za akiba za volti hiyo, na kumkumbusha kwamba kile kisanduku cha faiba ukutani nacho kinahitaji umeme wake.

Saa 2:20 usiku. Ujumbe kutoka Mbezi Beach: "Fundi, watoto walikuwepo wote na simu zao. Kikao kimekwenda saa nzima, hakuna aliyeniomba nirudie." Nafungua daftari na kuandika chini ya jina lake: 6, 900, 24.