Harrier inayochemsha: nichukue au niache?

Jumamosi, Tabata

Dalali alinitumia picha na ujumbe mfupi: "Bosi wangu, tako la nyani, namba C, bodi kali, ina kashida kadogo ka injini." Kwa dalali, shida yoyote ambayo bado haijalaza gari barabarani ni ndogo. Nikaenda.

Ni Toyota Harrier 240G ya 2004, umbo ambalo mtaani tunaliita tako la nyani, chasisi ACU30, injini 2AZ-FE ya cc 2362. Bodi kweli haijaguswa, viti havijachanika, gia inaingia bila kushtuka. Mwenye gari ni mzee mstaafu anayetaka milioni 11 na nusu. Za umri huo zisizo na matatizo nimekuwa nikiziona zikitajwa kuanzia milioni 15 na kuendelea. Kwa hiyo swali langu ni moja: hiyo milioni tatu na nusu iliyopungua inatosha kuitibu injini, au mzee ananiuzia mzigo wake kwa punguzo?

"Inachemsha kidogo tu kwenye foleni, mwanangu," alisema. "Ukiongeza maji inaendelea na safari."

"Unaongeza mara ngapi, mzee?"

"Kila asubuhi. Lita moja hivi, wakati mwingine na zaidi."

Lita nzima kila asubuhi si ya kupuuza. Nilifungua kifuniko cha oili: safi, hakuna ule utando wa rangi ya chai ya maziwa. Kwenye ekzosi hakuna moshi mweupe. Hizo ndizo dalili za maji kupenya ndani ya injini kupitia gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku. Dalali akadakia hapo hapo: "Si unaona? Gasketi nzima!"

Kwa injini nyingine ningekubaliana naye. Kwa 2AZ hapana, na acha nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa hela.

Bloku ya 2AZ-FE, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ya aluminiamu, na hedi, kifuniko chake cha juu, inashikiliwa na bolti kumi zinazoingia kwenye meno yaliyochongwa ndani ya aluminiamu hiyo hiyo. Katika injini za miaka ya mwanzo, takriban 2002 hadi 2006, meno hayo ni mafupi. Miaka ikipita na joto likipanda na kushuka, yanalegea na kung'oka, hasa ya bolti za nyuma, upande wa ekzosi unaotazama ukuta wa kabini. Bolti ikishapoteza meno, hedi inanyanyuka kidogo upande ule na maji yanavuja nje, nyuma ya bloku, mahali ambapo huoni hata ukilala chini ya gari. Hayaingii kwenye oili wala kwenye silinda. Yanatiririka juu ya chuma cha moto na kukauka. Ndiyo maana kifuniko cha oili kinaweza kuwa kisafi kabisa na injini ikawa mgonjwa wa kitanda.

Toyota walirefusha meno hayo kwenye injini za baadaye. Hii ni ya 2004.

Jumapili asubuhi

Nilimwomba mzee asiiwashe mpaka nifike. Boneti ilikuwa ya baridi, vizuri. Nikachomeka kifaa cha OBD, kinachosoma namba za kompyuta ya gari, nikawasha AC ikiwa imezimwa. Feni ya rejeta ikaanza kuzunguka papo hapo, injini ikiwa bado ya baridi. Kuna fundi ameiunga moja kwa moja.

Tukaingia Barabara ya Mandela kuelekea Buguruni. Gari likikimbia vizuri, kipimo kiligoma kuvuka nyuzi 70. Maana yake themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imetolewa. Ndiyo tiba ya kwanza ya mafundi wetu wengi: gari likichemsha, toa themostati, unga feni, mpe mwenyewe aondoke. Ugonjwa unabaki pale pale, ila dalili zinachelewa, na mnunuzi asiye na kifaa haambulii kitu.

Tulipokwama kwenye foleni ya Buguruni namba zikaanza kupanda: 88, 95, 104. Mshale wa dashibodi haukutikisika. Mshale wa Toyota umetengenezwa hivyo, unakaa katikati kwa nyuzi nyingi tu ili usimtie dereva wasiwasi, na ukishaanza kupanda ujue umechelewa. Tukarudi polepole.

Jumapili jioni, bado Tabata

Injini ilipopoa nilifanya vipimo viwili. Cha kwanza ni ile dawa ya bluu ambayo hugeuka njano ikikutana na gesi ya moto wa silinda ndani ya maji ya rejeta. Ilibaki bluu. Cha pili ni pampu ya presha mdomoni mwa rejeta. Nilijaza mpaka karibu bar moja nikaiacha. Mshale ukaanza kushuka taratibu, na hakuna tone lililoonekana kwenye rejeta, mipira wala pampu ya maji. Kwa kioo cha mkono na tochi, nikiwa nimejikunja juu ya injini, nikaona: ukoko mweupe umeshuka kutoka kwenye mstari wa gasketi, nyuma, katikati, na maji mapya yakichuruzika juu yake.

Ukoko ungekuwa wa pinki kama gari lingekuwa linatumia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, ya Toyota. Huu ni mweupe kwa sababu linanyweshwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Chumvi na aluminiamu havielewani.

Kompresheni nayo nilipima silinda zote nne. Hazikupishana kiasi cha kutisha. Ringi na valvu bado zina kazi.

Katikati ya wiki

Nimekuwa nikipiga hesabu kwenye karatasi, maana kinachovuja nimekijua ila sijui kwa nini kinavuja. Inaweza kuwa gasketi imechoka, au meno yameng'oka, au hedi imepinda au kupasuka. Kwa nje yote yanafanana. Mzee anataka nilipe bei ya gasketi. Mimi siwezi kulipa zaidi ya bei ya meno, na hedi iliyopasuka siitaki kabisa.

Dawa ni kufungua. Lakini nani anafungua injini ya gari lisilo lake? Nilimpelekea mzee pendekezo: fundi wangu anafungua hedi kwa gharama yangu. Meno yakiwa mazima, nachukua gari kwa milioni 10. Yakiwa yameng'oka, milioni 8. Hedi ikiwa imepasuka au silinda zimechubuka, naondoka, lakini nalipia gasketi mpya na kazi ya kufunga.

Kijana wake alikuja juu: "Mzee, huyu anataka kutuachia gari limelala juu ya mawe!" Namwelewa, ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Kilichomlainisha mzee ni kwamba wanunuzi wengine walikuwa wakimpa milioni saba bila kufungua chochote. Tukaandikishana kwa mjumbe, bei zote zikiwa kwenye karatasi. Kabla ya kusaini nililinganisha namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na ile ya kwenye kadi, zikalingana, na nikaangalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari. Yalikuwepo, si mengi, mzee akayalipa.

Jumamosi iliyofuata

Fundi alianza kulegeza bolti za mbele. Kila moja ilitoa ule mlio wa kukatika unaoonyesha kwamba ilikuwa imekaza sawasawa. Alipofika nyuma, tatu za katikati zilizunguka kama mfuniko wa chupa. Zilipotoka, meno ya bolti yalikuwa yamejaa aluminiamu iliyojisokota humo. Dalali, aliyekuwa amekuja kulinda kamisheni yake, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Hedi tuliilaza tukaipima kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo. Kitabu kinaruhusu mpindo wa milimita 0.05, yetu imezidi kidogo, inasawazishika. Nyufa hakuna. Ndani ya silinda bado zinaonekana zile alama za msalaba za kiwandani.

Kwa hiyo ni milioni 8, na gari ni langu. Kilichobaki ni kuchagua tiba.

Dukani Gerezani nilitajiwa milioni 3.2 kwa injini ya mtumba, bila kufunga. Nikichukua ya 2004 au 2005 nimenunua meno yale yale mafupi yenye maili za mtu mwingine. Nikichukua ya baada ya 2006 naikimbia shida ya bolti na kuikaribia nyingine: 2AZ nyingi za kipindi hicho zina pistoni na ringi zinazokula oili, hadi Toyota wakaongeza muda wa dhamana Marekani kwa Camry za 2007 hadi 2009 zenye injini hiyo. Na injini ikibadilika, namba yake nayo inabadilika, kwa hiyo lazima nikabadilishe taarifa za kadi mamlaka ya mapato, TRA, juu ya zile za uhamisho wa umiliki.

Bloku hii naijua. Nimeamua itobolewe na kuwekwa bushi za chuma zenye meno ndani, na fundi mchongaji ametaja laki tisa pamoja na kusawazisha hedi. Alishauri tuweke tatu tu zilizoharibika. Nimesema kumi zote. Hizo saba zimechongwa kwenye aluminiamu ile ile na zimekunywa maji yale yale ya chumvi, na bolti za hedi hii zinakazwa kwa nguvu ya Nm 70 kisha zinazungushwa robo mzunguko, nyuzi 90, juu yake. Sitaki kusikia bolti ya nane ikizunguka bure wakati spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, iko mkononi.

Ubishi uliobaki ni wa themostati. Nimenunua mpya ya nyuzi 82, na waya wa feni nimesema urudi kwenye mpangilio wake. Fundi wangu anacheka, anasema Dar hakuna baridi, themostati ni ya Wazungu. Nikamwambia injini isiyofika joto lake inaongezewa petroli na kompyuta muda wote, na petroli nalipa mimi. Akasema ataifunga, ila niandike kwenye karatasi ya mjumbe kwamba hakukubali.