Pampu ya Farasi Watatu

Mwaka 2016 nilikuwa mtunza stoo, na papo hapo mnunuzi, katika kituo kidogo cha kulelea wazee huko Kigamboni, upande wa Mjimwema, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia bahari. Tulikuwa na wazee 26 na watumishi 14, na maji yetu yote yalitoka katika kisima kimoja cha pete za zege, chenye kina cha mita 9, kilichochimbwa kwa sururu miaka mingi kabla sijaajiriwa. Mabomba yanayoleta maji ya mto Ruvu mjini yalikuwa hayajatufikia. Mkazi wa kwetu alichimba, au alinunua kwa jirani aliyechimba, au alitega mvua.

Asiyewahi kufanya kazi katika nyumba ya wazee hudhani kwamba maji mengi huko ni ya kunywa na kupikia. Sivyo, maji mengi ni ya shuka. Kila alfajiri vijana wawili walivuta ndoo kwa kamba hadi viganja vikaota sugu, wakajaza mapipa matatu ya kufulia, na mvua za masika zikipita kiasi, ndoo ilipanda na maji ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikianzia Kinondoni, maafisa wa afya walizunguka kupima visima, na chetu kilikutwa na vimelea vya kinyesi. Hatukuhitaji kutafuta mchawi: choo cha shimo kilikuwa hatua kumi na nane tu kutoka kwenye kisima, ilhali mafundi hushauri umbali usiopungua mita 30. Kuanzia siku hiyo tulichemsha kila tone la kunywa na kutia klorini kwenye mapipa, na kamati ya kituo ikaanza kuchangisha fedha za kisima kirefu.

Michango ilichukua miezi kumi. Kibali cha kuchimba kilitoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mtambo ukaja mwezi Juni, ukipita juu ya Daraja la Nyerere ambalo lilikuwa limefunguliwa Aprili ya mwaka huohuo. Wazee walitolewa nje na viti vyao wakauangalia kama watu waliokuja harusini. Kila mita tatu fundi alimwaga kilima kidogo cha udongo kwenye turubai, na mimi nilipewa kazi ya kuandika: mchanga wa njano, mchanga wa njano wenye chokaa, kisha kwenye mita ya 22 ukaanza mfinyanzi wa kijivu uliokuwa ukinata kwenye vidole kama ugali wa muhogo. Fundi aliufinya, akafurahi. Alinieleza kwamba huo mfinyanzi ndio kifuniko. Maji ya juu yake ni yale yanayochanganyika na vyoo vyetu, na maji tunayoyatafuta yako chini yake. Kwa hiyo walipofika mita 58 na kushusha mabomba, walijaza changarawe kuzunguka sehemu yenye matundu, na juu yake, kwenye usawa wa mfinyanzi, wakamimina saruji ili uchafu usipate upenyo wa kuteremka kandokando ya bomba. Nilisimama hapo mpaka mfuko wa mwisho ukamwagwa, maana nilikuwa nimeonywa kwamba hapo ndipo wachimbaji wengine hubania.

Kisima kilipimwa kwa kuvutwa maji saa 24 mfululizo. Karatasi ya mpimaji, ambayo niliisoma mwenyewe, na nasisitiza kwamba niliisoma, ilisema kisima kivutwe lita 2,500 kwa saa na si zaidi, kisha kipumzishwe. Matumizi yetu ya siku nzima yalikuwa kama lita 4,500. Mtoto wa darasa la nne angeona kwamba saa mbili zilitosha.

Lakini mimi nilikuwa na hesabu nyingine. Umeme wa siku zile ulikuwa ukikatika bila taarifa, na nilitaka tangi la lita 10,000 lijae haraka wakati umeme upo. Isitoshe, nilikuwa nimeiuzia kamati wazo la kioski cha maji getini: majirani wangenunua dumu kwa shilingi 100, na fedha hizo zingelipia umeme wa LUKU na sabuni. Wazo hilo lilipokelewa vizuri mno, nami nikavimba kichwa. Nilipofika Kariakoo na orodha iliyosema pampu ya kuzamisha yenye nguvu ya farasi mmoja, muuzaji akanionyesha ya farasi watatu, yenye uwezo wa lita 7,000 kwa saa. Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya maonyesho. Niliongeza fedha kutoka fungu la rangi za ukuta, nikaibeba.

Siku ya kufungua maji sitaisahau. Tangi lilikuwa juu ya mnara wa mita 6, na koki ya kwanza ilipofunguliwa maji yalitoka kwa kishindo hadi yakamrukia sista mkuu miguuni. Wale vijana wawili wa kamba walicheka kwa sauti. Bibi mmoja mwenyeji wa kisiwa cha Mafia, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, aliomba apewe ya kunywa kabla ya watu wengine kwa kuwa ndiye aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote. Nilimshika mkono, nikamwamkia, nikampa kikombe.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, akanywa taratibu, akayazungusha mdomoni. "Maji baridi haya. Mazuri."

Kwa watu wa pwani maji baridi si maji ya jokofu; ni maji yasiyo na chumvi. Sikulitilia maanani neno hilo.

Miezi miwili tuliishi kama wafalme. Kioski kilikuwa na foleni ya madumu ya njano tangu asubuhi, pampu ilinguruma kutwa, na tangi lilijazwa mara mbili kwa siku, wakati mwingine mara tatu. Niliandika mapato kwenye daftari kwa wino mwekundu, rangi ambayo mhasibu alinikataza, lakini nilipenda jinsi ilivyoonekana.

Mwezi Septemba Bi Mkubwa alirudisha chai yake jikoni. Alisema mpishi ametia chumvi badala ya sukari. Mpishi, mama wa makamo asiyependa kuonewa, akaapa kwamba hajafanya hivyo, na sisi wengine tulipoionja hatukuona kasoro, kwa hiyo tukahukumu kwamba uzee umeanza kumchezea bibi. Siku ya pili akairudisha tena. Siku ya tatu akakataa kunywa. Mimi ndiye niliyetumwa kumbembeleza, na ninaona aibu kukumbuka jinsi nilivyozungumza naye polepole na kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwambia mtoto avae viatu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sisi Mafia kisima chetu kilikuwa kwenye mchanga, bahari unaiona," akasema. "Tulikuwa tukiyachota kwa kata, juu juu, kidogo kidogo. Ukitumbukiza ndoo na kuvuta kwa pupa, jioni unakunywa bahari. Nenda kawaulize wanaofua."

Nilikwenda kwa wanaofua. Walikuwa na wiki mbili wakilalamika kwamba sabuni haitoi povu, wakidhani nimenunua sabuni ya bei poa.

Mpimaji alikuja na kifaa chake kidogo cha kuchovya, akakisoma, akaguna. Chumvi ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili tangu Juni. Ulimi wa binadamu, alisema, huanza kuitambua kloridi, iliyo ndani ya chumvi, inapokaribia miligramu 250 kwa lita, na wengine huwahi kuliko wenzao. Kisha akachora kwenye mchanga kwa kijiti. Karibu na pwani maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi, na uzani wao umekaa kiajabu: kwa hesabu ya vitabuni, usawa wa maji baridi ukishuka mita 1, mpaka wa chumvi huweza kupanda hata mita 40. Akauliza tunavuta lita ngapi kwa saa. Nikajibu. Hakunigombeza; aliufuta mchoro kwa kiatu, na hilo liliniuma zaidi. Nesi naye, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, aliuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria, yaani wale wazee 11 wa shinikizo la damu, waliokatazwa chumvi mezani, wamekuwa wakinywa nini tangu Agosti.

Jioni ileile niliifunga koki ya kioski. Majirani hawakunielewa, na sikuwalaumu; mtu aliyezoeshwa dumu la shilingi 100 mlangoni kwake hana sababu ya kufurahia somo la kloridi. Kwa majuma matatu tulinunua maji ya boza kwa ajili ya kunywa na kupikia, na gharama yake ilimeza karibu mapato yote ya wino mwekundu. Pampu ilivutwa juu, ikawekwa ya farasi mmoja, ikaning'inizwa juu zaidi kuliko ile ya mwanzo, ikafungiwa saa ya kujizima: alfajiri ivute kwa muda wa saa moja na nusu, jioni kwa muda wa saa moja, basi.

Chumvi haikuondoka kwa haraka iliyoingilia. Kila Ijumaa nilimpelekea Bi Mkubwa kikombe barazani, kwanza kwa toba, baadaye kwa kuwa nilimwamini kuliko kile kifaa. Aliyazungusha mdomoni, akanirudishia kikombe, akasema, "Bado." Mvua za vuli zikaja, hazikuwa nyingi. Ilikuwa mwishoni mwa Januari aliponywa kikombe chote, akanyamaza kidogo, akasema yanakunyweka, ingawa si yale ya siku ya kwanza. Kifaa cha mpimaji kilisema vivyo hivyo.

Muuzaji wa Kariakoo alikataa kuipokea pampu ya farasi watatu kwa kuwa ilikwishaguswa na maji. Niliifunga kwa gunia nikaiweka rafu ya chini, na kila mwaka tulipohesabu mali niliiandika upya kwenye daftari: pampu ya kuzamisha, farasi 3, moja, nzima. Mwaka 2019 mkaguzi mgeni aliweka kidole kwenye mstari huo, akauliza kwa nini kituo kina pampu nzima isiyotumika wakati ndogo ndiyo inayofanya kazi. Nilimwomba aniruhusu nimtolee kiti, maana maelezo yalikuwa marefu.