Kwa Wenyewe

Baba aliligawa shamba lake kwa majina. Palikuwa na Mgongoni, kwenye mininga. Palikuwa na Kisimani. Na lile korongo linaloshuka hadi mtoni aliliita kwa maneno mawili tu: kwa wenyewe. "Kuni msikate kwa wenyewe." "Mbuzi wasishuke kwa wenyewe." Utotoni niliamini wenyewe ni mizimu, na kwetu mtoto haulizi habari za mizimu. Nilikuja kuelewa Julai 2013, baba akiwa na mwaka wa pili kaburini, siku niliyozunguka na bwana misitu tukihesabu miti ya kuuza.

Shamba liko wilaya ya Uvinza, upande wa Masito. Ukitoka Kigoma mjini wakati ule ulivuka Malagarasi kwa kivuko cha Ilagala, kisha ukapanda pikipiki mpaka mgongo uote moto. Ni ekari 58, na zaidi ya nusu yake ni miombo isiyowahi kuonja jembe. Hati ya kimila ina majina mawili, la kaka na langu. Kaka anaishi palepale kijijini. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini. Mwaka ule watoto wake wawili walikuwa sekondari kwa mpigo, na mama alikuwa bado analala chini ya nyasi zinazovuja. Mfanyabiashara mmoja wa mbao akamfuata kaka, akamwambia kila mninga uliosimama ataulipa elfu hamsini, na mkurungu, mti mwingine wa mbao, zaidi ya hapo. Akaacha laki sita za kutangulizia. Kaka akanipigia simu usiku, sauti imechangamka kama ya mtu aliyeona mwezi wa Idi.

Sikukataa. Naliandika hili wazi, maana wapo wanaosimulia habari za misitu kana kwamba anayekata mti ni mwizi. Miti ile baba aliitunza ili siku moja itusaidie. Mninga wa kupasua mbao una umri unaokaribia miaka mia. Huwezi kuupanda leo ukamsomeshea mtoto wako. Tulichokuwa nacho ni kile babu zetu walichokiacha bila kukikata.

Mninga na mkurungu ni miti iliyohifadhiwa kisheria. Hata uote katikati ya mihogo yako, huuangushi bila leseni. Tukaanzia serikali ya kijiji, tukapeleka muhtasari wa kikao wilayani, na bwana misitu akaja na futi yake ya kupimia unene wa mti usawa wa kifua. Kaka alitangulia na panga, mimi na daftari. Mgongoni kazi ilikwenda haraka: mininga 30 iliyokomaa, mingine tukaiacha ikue. Kisha tukashuka ubavu wa korongo, kwenye mikurungu. Hapo bwana misitu akasimama, akaangalia juu, akaacha kupima.

"Mwalimu, unaviona?"

Niliona majani yaliyorundikana kwenye panda la mti wa mtundu, kama kapu kubwa lililosahauliwa. Halafu kingine. Halafu vitatu kwenye mti mmoja. Viota vya sokwe. Vingine vilikuwa vimekauka na kugeuka kahawia, vya zamani hivyo. Viwili vilikuwa na majani mabichi, vya usiku mmoja au miwili iliyopita. Sokwe hujitandikia kitanda kipya karibu kila jioni, anakunja matawi na kuyakalia. Nilihesabu 17 kabla shingo haijaniuma. Nikasikia baba akisema nyuma ya kichwa changu: kwa wenyewe.

Nimezaliwa Kigoma na sikuwahi kumwona sokwe ila kwenye kalenda. Gombe ni hifadhi ya Taifa tangu 1968, Mahale tangu 1985, na wageni wanavuka bahari kwenda kuwaona huko. Lakini sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi hizo, kwenye mapori ya Masito na Ugalla, kwenye misitu ya vijiji, na kwenye mashamba ya watu kama sisi. Hakuna geti wala askari. Kisheria mnyama pori ni mali ya serikali hata akilala juu ya mti wangu. Mti una leseni, una nyundo inayogongwa kwenye gogo na kwenye kisiki, una risiti. Kitanda cha sokwe hakina karatasi.

Bwana misitu alikuwa mtu mwungwana. Alituambia sheria ya mazingira inakataza kazi inayoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo chini kabisa hatutagusa. Tukapima kwa kamba. Mita 60 ziliishia chini ya viota; karibu vyote vilikuwa juu ya alama, pale penye mikurungu 11. Sheria ililinda maji. Waliolala juu ya maji waliachiwa sisi.

"Kuruhusu naweza," alisema. "Lakini mkurungu mnene ukianguka hapa, unakwenda na mitundu mitatu."

Kaka alisema viota si nyumba, wanajenga vingine kesho. Na kweli wanajenga. Nilibaki katikati, nikasema jambo la woga: tuanze na Mgongoni, ya korongoni tutaongea baadaye. Tukafunga vitambaa vyekundu kuzunguka ubavu wote, leseni ikatoka kwa mininga 30, nikarudi mjini nikiamini nimeshapatanisha kila mtu.

Wapasuaji sita waliingia mwezi wa nane. Baada ya siku tisa baba mdogo akanipigia simu. Yeye ana mizinga ya magome kule porini tangu ujana wake, na hapigi simu hovyo, salio lake ni la kuulizia bei ya asali. "Mwanangu, njoo. Usitume mtu."

Nilifika Jumamosi jioni. Alfajiri ananigongea. "Mwakeye," salamu ya asubuhi ya Kiha. Nikamwamkia, tukaondoka bila hata chai. Njiani alinieleza kwamba kila asubuhi ya kiangazi huwasikia wakiitana korongoni, mmoja anaanza chini, wengine wanapokea, mpaka pori zima linalia. Siku ya nne toka wapasuaji waje, kimya. Nilidhani ni kelele za msumeno. Alitikisa kichwa. Msumeno wa watu wawili hauna kelele za kumhamisha sokwe, alisema. Twende ukaone walikolala hawa jamaa.

Walikuwa wamepiga kambi Kisimani. Turubai, jiko la mafiga, mbwa wawili. Mimi niliyehangaika na miti ipi ikatwe na ipi ibaki sikuwaza hata dakika moja watu sita watalala wapi, watakunywa nini, watakula nini. Mkataba ulitaja idadi ya miti na bei. Basi. Kila jioni walikwenda kutafuta kitoweo, na njia yao ilipita katikati ya vitambaa vyangu vyekundu.

Baba mdogo aliniongoza kwenye njia hiyo akinionyesha kwa ncha ya fimbo. Mtego wa waya. Hatua ishirini, mwingine. Ilitegewa pongo na nguruwe pori, kwenye vichochoro ambavyo kila mnyama hupita. Tulitegua minane. Wa tisa ulikuwa umeshafyatuka. Kijiti kilichopindwa kilikuwa kimeng'olewa na mizizi yake, udongo umechimbwa pande zote kama palipopiganwa, na kwenye gome la mti wa jirani kulikuwa na nywele nyeusi, ndefu. Waya haukuwepo.

"Huyu ameondoka nao," baba mdogo alisema.

Waya wa namna ile sokwe huutoa kwa shida sana. Unazama kwenye nyama, na asipokufa anaweza kupoteza vidole au kiganja, naye ni mtu wa kupanda miti. Jike huzaa mtoto mmoja, na kwa kawaida hupita miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Nilikaa chini kwenye majani makavu. Baba mdogo alinigeuzia mgongo, akajifanya anatazama mzinga.

Nilipanda Mgongoni nikasimamisha kazi. Fundi wao mkuu, mzee wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, tule ugali na nini?" Sikuwa na jibu, maana kweli hatukuwapa kitu. Mfanyabiashara aliwapa unga na chumvi, akawaambia mboga iko porini.

Jioni ile tuliketi uani kwa mama. Mfanyabiashara alikuja kwa pikipiki akiwa amekasirika, akitaka laki sita zake au miti yake. Nilimwambia mininga 30 ni yake, tulishakubaliana. Kambi ihamie Mgongoni, maji wataletewa kwa baiskeli na madumu, mbwa warudi kijijini leo hii, na mtego mmoja ukionekana kazi inakufa. Kitoweo nitaleta mimi. Na mikurungu ya korongoni haiuzwi.

"Hiyo 11 ndiyo bati za mama," kaka alisema.

"Najua, kaka."

"Neno 'najua' si bati."

Mama hakutia neno. Alikuwa anapeta mchele, na aliendelea kupeta.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikashuka mwaloni nikanunua dagaa gunia zima, na maharage, kwa mshahara wangu wa mwezi ule. Wapasuaji walimaliza kwa wiki tatu, kabla ya mvua, na fundi mkuu mwenyewe alinikabidhi mitego miwili zaidi tuliyokuwa hatujaiona. Pesa za mininga zililipa ada za mwaka mmoja na nusu. Bati za mama nilizilipa kidogo kidogo, mkopo wa walimu, miaka mitatu. Kaka hakusema nami mpaka Pasaka iliyofuata. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa: gharama ya wale sokwe ilitoka mezani kwake, na hakuna ofisi yoyote iliyokuja kumpa hata asante. Ningekuwa na sauti popote ningelisema hilo kwanza. Mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, uliuweka mkurungu kwenye miti ambayo biashara yake ya nje inadhibitiwa, na wilayani watu walishangilia. Mimi nilimfikiria kaka.

Kiangazi cha 2014 nilishuka korongoni na baba mdogo. Viota vyote vilikuwa kahawia. Mwaka 2015 vilikuwa vimeanguka, zimebaki panda tupu. Baba mdogo alisema pori lao ni pana, hutembea mbali, tusubiri. Nilisubiri huku nikijua maana ya kijiti kilichong'olewa na mizizi.

Oktoba 2016, saa moja asubuhi, nikiwa ubaoni, simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa meseji ya kaka. Aliandika: "Viwili. Kwenye mtundu ulioegemea ule mkurungu mnene."

Nikatoka nje ya darasa nikampigia. Nilimuuliza majani yakoje.

"Mabichi," alisema. "Bado yananuka."