Mkate wa ufuta ulioangukia makaani

Niliondoka Unguja Aprili 2010. Waliokuwapo watakumbuka: umeme ndiyo kwanza ulikuwa umerudi baada ya kiza cha Desemba 2009 hadi Machi. Kwa hiyo Kikwajuni, mtaa wetu, niliyosafiri nayo kichwani ilikuwa ya kandili na makaa. Shangazi kakaa juu ya mbuzi ya nazi, uso umemwiva kwa moto, anapindua mkate wa ufuta huku redio ya betri ikisoma taarifa ya habari. Nikakaa na picha hiyo Leicester, Uingereza, miaka 13.

Huko nilijifunza kupika kwa dhiki. Nilipanga chumba peke yangu, na Ramadhani haikungoji mpaka uoe. Nikajiandikia vipimo: unga gramu 500, tui la kopo mililita 400, paketi moja ya hamira ya gramu 7, chumvi. Mara ya kwanza nilinunua unga ulioandikwa kuwa ni wa mikate, nikaona hapo sikosei. Kumbe ule ni wa ngano ngumu. Mkate ukavutika kama mpira. Halafu baridi. Unga ambao Unguja huumuka hujamaliza kufagia ua, kule nauweka ubavuni mwa kipasha joto, nalala, naamka, uko vilevile unanitazama. Ulipokubali niliuivisha juu kwa grili ya umeme. Wenzangu wakala, wakashukuru. Mimi nikajua kuna kitu hakimo, nikalisingizia tui la kopo.

Nimerudi Shaabani ya 2023, na zawadi ya shangazi begini: frampeni nzito isiyogandisha, iliyokula kilo mbili za mzigo wangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba'ngu. Mbona umekonda?"

Sikukonda. Ila nilipoingia jikoni nilinywea kweli. Jiko la gesi. Tui la paketi. Mbuzi iko uvunguni, imefunikwa gunia. Na mofa ya marehemu bibi, ile ya udongo aliyokuwa akibandika mikate ya mtama kwenye kuta zake kwa mkono uliorowa, imepasuka ubavu na sasa imeoteshwa mrehani. (Bibi, kabla hajaizoea hamira ya dukani, alikuwa akiumulia tembo la mnazi. Shangazi hapendi jambo hilo litajwe mbele ya wageni.)

Nikasema siku ya kwanza ya Ramadhani napika mimi, kwa makaa, kwa nazi ya kukuna.

"Unajua makaa bei gani?"

"Nitanunua mimi."

"Kwani ulidhani tumekaa hapa na kipepeo mkononi tunakungoja wewe?"

Lakini mbuzi aliitoa. Nilikuna nazi tatu na kidole kimoja. Nikakamua kasimile, nikauchanganya unga, nikaanza kuutafuta mzani. Akanisogeza kwa kiwiko. Unga wa mkate wa ufuta haukandwi, unapigwa: unauchota kwa kiganja kutoka chini ya bakuli, unauinua, unaubwaga, tena na tena, mpaka sauti yake ibadilike. Mwanzo unalia *pwa*, mzito. Ukiwa tayari unalia kwa mapovu, na ukiuinua unashuka kwa uvivu bila kukatika. Kwenye gramu zangu hili la sauti halikuwamo. Alinipigisha mpaka bega likaniuma, kisha akafunika bakuli kwa kawa.

Alasiri nikabandika frampeni yangu. Nikamimina, nikautandaza kwa mkono wenye maji, nikanyunyizia ufuta. Ukatoa vitundu, chini ukashika rangi. Sasa ikabaki ile hatua iliyonirudisha jikoni: kuikamata frampeni kwa mpini na kuikabili na makaa kifudifudi, ili uso wa mkate uive kwa moto wa wazi. Nikapindua.

Mkate ukaondoka wote kwa pamoja, kwa heshima kabisa, ukalala juu ya makaa. Ukapanda moshi wa ufuta mpaka kwa majirani. Nikajaribu wa pili. Na huo ukaanguka.

Shangazi alikuwa ameshika mlango, anacheka mpaka machozi. "Baba, mkate huu unataka chombo cha kuushika. Chako kimefundishwa kuachia."

Akatoa chuma chake cha zamani, cheusi, kimeliwa pembeni. Akakiacha kipate moto, akakinyunyizia maji ya chumvi yakachachatika na kukauka, ndipo akamimina unga. Chumvi ile inasaidia mkate ugande. Akaupindua juu ya makaa na kuuzungusha taratibu bila hata kuutazama, akiniuliza habari za mtoto wa nani sijui aliyeko London. Mkate ukaning'inia kichwa chini, ukavimba, ufuta ukapata rangi ya dhahabu. Akaubandua kwa kisu, akaupaka samli.

Wa tano nilipika mimi, juu ya gesi, maana makaa yalishazimika. Ulitoka sawasawa na wa makaani, na nilisikitika kidogo kwa hilo. Nikakumbuka ile grili: miaka yote ilipiga moto wake kwa mbali, juu ya trei, wala mkate wangu haujawahi kupinduliwa. Tui la kopo nimelikosea adabu bure.

Frampeni sasa inakaangia mayai ya daku. Shangazi anaisifu sana kwa mayai.

Kabla ya adhana aliuweka ule mkate wangu kwenye sahani, akaufunika. "Mpelekee Bi mkubwa wa nyumba ya pili. Usimwambie kama umepika wewe."

Baada ya tarawehe sahani ikarudi na sambusa nne, na salamu kwamba mkono wa shangazi bado ni uleule. "Alhamdulillahi," akaitikia shangazi, akachukua sambusa mbili, wala hakunitazama.