Siku Moja Mezani kwa Sonara, Gallup

Saa 2 asubuhi nafungua duka. Tuko Gallup, New Mexico, jirani na nchi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Mimi ni mtoto wa sonara wa Lamu, na hapa kazi yangu ni kukarabati tu. Kuunda nawaachia wenyewe. Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kunadi kazi isiyo yao kwa jina lao.

Saa 3 anaingia bibi mmoja na mkufu wa marehemu mama yake. Namwamkia "Yá'át'ééh", moyoni nimeshasema shikamoo. Katikati unaning'inia naja, hilali ya fedha. Wanavajo waliiona kwenye hatamu za farasi wa Wahispania, na Wahispania waliitoa kwa Waislamu wa Andalusia. Kila nikiishika namkumbuka baba. Ncha moja imekatika, na jiwe la feruzi linacheza.

Hadi saa 7 sijainua kichwa. Feruzi na moto haviivi: ukilehemu jiwe likiwa ndani, litapasuka au litageuka rangi. Basi nafungua ukingo wa fedha unaolishika, kidogo kidogo, kwa kijiti butu cha chuma. Jiwe linatoka, na chini yake unanimwagikia kiganjani unga wa mbao. Masonara wa zamani waliutandika ili jiwe lipate mto. Ndiyo maana vito hivi havitumbukizwi majini. Unga huvimba ukalisukuma jiwe nje. Naukunja kwenye karatasi. Nitaurudisha uleule.

Saa 8 kijana ananionyesha bangili aliyouziwa kama feruzi. Naigusa kwa nyuma na sindano ya moto, inanuka plastiki. Inaniuma sana. Fundi wa Kinavajo huchonga kalibu yake kwenye tufa, jiwe laini la majivu ya volkano, akamimina fedha kwa mkono, halafu anashindanishwa bei na kitu kama hiki.

Saa 10 ncha imeshika. Bibi amerudi, ananiwahi: "Usiisugue." Sikukusudia. Weusi uliolala kwenye alama za chapa ni miaka ya mama yake. Pale nilipolehemu ndipo panang'aa mno, kwa hiyo napapaka dawa ya salfa mpaka panafifia na kufanana na pengine.

Anauvaa papo hapo. Mjukuu wake amevunja ungo, ananiambia, na Kinaaldá, sherehe ya Wanavajo ya kumwingiza binti utu uzima, inaanza wiki hii. Binti ataufunga shingoni, akimbie nao alfajiri kuelekea mashariki.