Nimerudi, na Meya Hayupo

Gari lilipokaribia Kibarani, pale unapoingia Mombasa, niliziba pua. Dereva alinitazama kwenye kioo akacheka. "Umekaa nje sana, kaka. Jaa lishaondolewa zamani." Kweli, palipokuwa na milima ya taka ikifuka moshi usiku na mchana sasa pana miti na nyasi, na taka za mji zapelekwa Mwakirunge. Hata njia tuliyopita siyo ile niliyoizoea. Makupa kumejengwa daraja, limefunguliwa 2022, na maji ya bahari yapita chini yake. Nikashusha mkono taratibu, nikajifanya najikuna.

Niliondoka Mombasa Septemba 2010, mwezi mmoja baada ya kura ya maoni. Nilipanga foleni na wenzangu tukaipitisha katiba, kisha nikafunga sanduku nikaenda zangu Muscat. Mji niliouacha ulikuwa wa manispaa, una meya na madiwani, na sisi watoto wa Kibokoni kazi ya manispaa tuliijua moja tu: askari wa kanjo wakija, wauza ndizi wanakimbia. Tangu Machi 2013 ni kaunti, nambari 001 katika zile 47, na ina gavana na wadi 30, kila wadi na mwakilishi wake. Yote hayo nilikuwa nayafuata kwenye simu, nikajiona naujua mji.

Wiki ya kwanza kazi yangu ilikuwa kulalamika. Taa ya mulika mwizi haiwaki, mfereji unatoa maji kwa siku zake, mtaro wa nje umeziba. Kila kitu nasema "kaunti iko wapi?" na kila mara nahadithia Muscat, jinsi gari chafu linavyoweza kukutia faini. Shangazi alivumilia siku tatu. Ya nne, huku anakanda unga wa mahamri, akaniuliza, "Hebu nambie, skuli ya watoto hapo mbele ni ya nani?"

"Ya kaunti."

"Chekechea ni ya kaunti. Mtoto akiingia gredi ya kwanza ashakuwa wa serikali ya taifa. Feri ya Likoni?"

Nikanyamaza.

"Ya taifa. Zahanati, kaunti. Soko, kaunti. Barabara kuu, taifa. Kichochoro chetu hichi, kaunti. Ukifa, makaburi ni ya kaunti."

"Na mtaro?"

"Mtaro ni wa kaunti. Lakini hayo makumbi ya madafu yaliyouziba mliyatupa weye na rafikizo juzi usiku, nilikuwa dirishani."

Shangazi anauza mahamri na mbaazi za nazi kwenye baraza ya nyumba, kuanzia alfajiri hadi saa tatu. Mambo ya ada na leseni kwake ni hesabu ya kila siku, kama bei ya nazi. Risiti zake amezitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, zimefungwa kwa mpira, mwaka kwa mwaka, na za chini kabisa bado ni za manispaa. Hajazitupa. Nilipomuuliza za nini, akanijibu kwani mimi vyeti vyangu vya skuli nimevitupa?

Basi akaniambia Jumatano twende kwenye kikao. Kikao gani? Cha maoni, juu ya Muswada wa Fedha. Bajeti ya kaunti yapaswa kupita kabla ya mwaka wa serikali kuanza tarehe 1 Julai, halafu ndio huja sheria ya kupanga pesa zitatoka wapi: leseni za biashara, ada za soko, maegesho, mabango. Katiba, kifungu cha 196, yataka bunge la kaunti lifanye shughuli zake wazi na wananchi washirikishwe. Nilikipigia kura kifungu hicho bila kukisoma.

Nilitarajia hotuba. Nikakuta viti vya plastiki, feni mbili, moja inazunguka, na kitabu kinene cha Kiingereza kikipitishwa mkono kwa mkono. Msichana wa makamo ya binti yangu alikuwa akikifasiri papo hapo, na wallahi alijitahidi. Alipofika kwenye maneno ya mahakama alisimama, akapumua, akayasema kwa mfano wa duka. Hapo ndipo watu walipoamka. Dereva wa tuktuk alitaka kujua akisimama dakika mbili kumshusha mgonjwa hiyo ni maegesho au siyo. Mama mmoja akauliza meza na kibanda vyatofautishwaje, maana meza yake ina mwavuli. Swali hili mwanzoni lilinichekesha. Lilijadiliwa karibu nusu saa, na nilipoelewa kwamba mwavuli ule ungeweza kumpandisha kutoka ada moja hadi nyingine, sikucheka tena. Mzee mmoja alisinzia tangu mwanzo, akazinduka kuuliza kama kuna soda. Hapakuwa na soda.

Shangazi alisimama mwisho. Hakupinga ada hata moja. Alisema tu kwamba malipo ya simu ni mazuri, lakini simu yake ni ndogo, wajukuu wanaichezea, ujumbe unafutika, na yeye bila karatasi hapati usingizi. Aombaye risiti ya karatasi apewe. Vichwa vya kina mama vikatikisika ukumbi mzima. Karani akaandika.

"Jina la biashara, mama?"

"Mahamri."

Akaandika hilo pia.

Tulipokuwa tunatoka, karani akaniita. Kwenye orodha ya waliohudhuria nilikuwa nimejaza jina na nambari ya simu, nikaacha sehemu moja wazi. "Kaka, hukuweka wadi."

Nikashika kalamu. Ndio kwanza nikatambua siijui. Mimi wadi yangu ilikuwa na diwani, na jina lake jingine.

"Mji wa Kale Makadara," shangazi akasema kutoka mlangoni, bila kugeuka. "Na akimaliza mwambieni aje, kuna mtaro unamngoja."